Majahazi Saba ya Shirazi: Uhakiki wa Hadithi ya Asili ya Kilwa

Utangulizi

Miongoni mwa madai yanayorudiwa mara kwa mara juu ya asili ya watu wa Afrika ya Mashariki, ni machache yaliyoenea kama lile lisemalo kwamba miji ya mwambao ilianzishwa na wageni kutoka Shirazi, katika nchi ya Uajemi. Dai hili husikika barazani, huandikwa katika vitabu vya watalii, na kwa muda mrefu lilifundishwa shuleni kama jambo lisilohitaji ushahidi. Kinyume chake lipo dai la pili, lililopata nguvu baada ya uhuru, kwamba habari zote za Washirazi ni uzushi mtupu uliotungwa na watu waliotaka kujitenga na Waafrika wenzao. Kila upande una wafuasi wake, na kila upande huitaja hadithi ileile, ama kwa kuitukuza ama kwa kuibeza, bila ya kuisoma.

Makala haya yanaichunguza hadithi hiyo kwanza kama matini. Kabla ya kuulizwa kama ni ya kweli, yafaa iulizwe inasema nini hasa, ilisemwa na nani, wakati gani, na kwa haja gani. Baada ya hapo ushahidi wa lugha, wa akiolojia na wa vinasaba utawekwa kando yake. Hoja inayotetewa ni kwamba hadithi ya Kilwa haikuhifadhiwa katika umbo moja. Kwamba maumbo yake yanahitilafiana hasa juu ya mtu mmoja, yaani mwanamke wa Kilwa. Na kwamba maumbo yaliyotegemewa zaidi na wanahistoria ndiyo yaliyomwacha nje.

Maumbo matatu ya hadithi moja

Umbo la kwanza kuchapishwa ni la Kireno. João de Barros, katika juzuu ya kwanza ya historia yake ya Wareno katika Asia, iliyotoka mwaka 1552, aliingiza habari za wafalme wa Kilwa zilizopatikana baada ya Wareno kuuteka mji huo mwaka 1505. Katika masimulizi haya, mfalme wa Shirazi aliacha wana saba. Mmoja wao, Ali, alizaliwa na mjakazi wa Kihabeshi, na kwa sababu hiyo alidharauliwa na ndugu zake ambao mama yao alikuwa wa nasaba ya Kiajemi. Akaondoka Hormuz kwa merikebu mbili, pamoja na mkewe, watoto wake na wafuasi wake, akapita Mogadishu na Barawa, hatimaye akafika Kilwa na kukinunua kisiwa kwa vitambaa.

Umbo la pili ni la Kiarabu, nalo huitwa Kitab al-Sulwa fi Akhbar Kulwa. Nakala iliyobaki iliandikwa Zanzibar mwaka 1877, ikamfikia John Kirk, mwakilishi wa serikali ya Uingereza kisiwani humo, kisha ikachapishwa na S. Arthur Strong mwaka 1895. Mtungaji wake anaeleza kwamba alizaliwa mwaka 904 wa Hijria, yaani karibu na mwaka 1499. Hapa anayeondoka Shirazi ni sultani mwenyewe pamoja na wanawe sita, kwa merikebu saba. Sababu ya safari ni ndoto: sultani alimwona panya mwenye pua ya chuma akiutoboa ukuta wa mji, akafasiri kwamba nchi yake itaangamia. Merikebu hizo zikatawanyika. Moja ikatia nanga Mombasa, nyingine Pemba, ya sita Kilwa, na ya saba Nzwani. Mwenye kisiwa cha Kilwa akakubali kukiuza kwa sharti kizungushiwe kitambaa pande zote. Sharti likatimizwa, naye akahamia bara. Wageni wakauchimba mkono wa bahari uliokuwa ukikauka maji yakipwa, hata mwenye kisiwa aliporudi kwa vita akakuta njia imezibwa na maji.

Umbo la tatu ni la Kiswahili. Lilikusanywa na Mjerumani Carl Velten na kuchapishwa mwaka 1907 katika kitabu chake cha nathari na mashairi ya Waswahili. Katika masimulizi haya, wenyeji wa kwanza wa Kisiwani wanatajwa kwa majina yao, na mkubwa wa nchi anaitwa Mrimba. Sultani Ali bin Selimani, Mshirazi, anakuja na chombo chake, anaomba mahali pa kukaa, anatoa zawadi, kisha anamwoa binti wa Mrimba. Baadaye ndipo linapokuja jambo la kitambaa: Mrimba anakubali kuhamia bara akitandikiwa kitambaa cha kukanyaga mpaka huko. Mwana anayezaliwa na binti huyo anapokua anakwenda kumwona babu yake, naye Mrimba anampa mjukuu utawala wake.

Msomaji ataona mara moja kwamba idadi ya merikebu haikubaliani: ni mbili kwa Barros, saba kwa Mwarabu, na chombo kimoja kwa msimulizi wa Kiswahili. Jina la mwanzilishi na sababu ya safari pia hazikubaliani. Hitilafu hizi zisingekuwa na uzito kama hadithi ingetumiwa kama hadithi. Uzito wake unatokana na ukweli kwamba kila anayesema leo “Washirazi walikuja kwa majahazi saba” amekwisha kuchagua umbo moja na kuyatupa mengine mawili, aghalabu bila ya kujua kwamba yapo.

Alama za utungo

Katika maumbo yote matatu kuna alama zinazojulikana vyema na wanafunzi wa fasihi simulizi. Saba ni idadi ipendwayo na watambaji. Mwana wa mfalme anayenyimwa haki na jamaa zake si mgeni kwa yeyote aliyepata kusikia habari za Fumo Liyongo. Ndoto ya panya ni kifaa cha kuanzishia safari. Na kitambaa kinachozunguka kisiwa kina ndugu yake wa mbali katika hadithi ya malkia Dido wa Carthage, ambaye kwa mujibu wa mshairi Virgil alinunua ardhi iwezayo kuzungukwa na ngozi ya fahali. Haina haja kudhani kwamba mtu wa Kilwa alimsoma Mroma. Mahali popote ambapo wageni wamekaa juu ya ardhi ya wengine, huhitajika hadithi ya kueleza kwamba ardhi ilipatikana kwa mapatano wala haikuporwa, na mapatano hayo hukumbukwa zaidi yakiwa na kitu cha ajabu ndani yake.

Hata hivyo, kuwapo kwa alama za utungo hakuthibitishi kwamba hakuna kilichotokea. Msafiri wa kweli aweza kuvikwa joho la hadithi. Kosa la wanaobeza masimulizi haya ni kuona joho wakasema hakuna mwili. Kosa la wanaoyatukuza ni kulichukua joho kuwa ndio mwili wenyewe.

Lililo muhimu zaidi ni yale yaliyoponyoka kalamu ya mtungaji bila ya kukusudiwa. Katika umbo la Kiarabu, ambalo ndilo lenye fahari kubwa kuliko yote juu ya Shirazi, wageni wanaposhuka Kilwa wanakutana na mtu Mwislamu aliyefuatana na watoto wake, na jina lake ni Muriri wa Bari. Wanakuta pia msikiti, uitwao Kibala. Kwa hiyo hadithi inayotumiwa kuonyesha kwamba Uislamu na ustaarabu wa mji uliletwa na majahazi saba inakiri yenyewe kwamba majahazi hayo yalikuta Mwislamu, yakakuta msikiti, na yakakuta mwenye nchi aliyejua thamani ya kitambaa na aliyekuwa na mamlaka ya kuuza. Ukurasa huu umo katika matini tangu ilipochapishwa mwaka 1895. Waliorithi dai la Washirazi waliupita kana kwamba haumo.

Haja ya mtungaji

Yafaa ikumbukwe kwamba kitabu cha Kiarabu hakikuandikwa na mtu aliyeshuhudia safari, bali na mtu wa karne ya 16. Katikati kulikuwa na mambo mengi. Ibn Battuta alifika Kilwa mwaka 1331, akamkuta Sultani al-Hasan bin Sulaiman, aliyeitwa Abu al-Mawahib kwa ukarimu wake. Aliandika kwamba wengi wa watu wa mji ni Wazanji, weusi sana, wenye chale usoni. Shirazi hakuitaja. Wakati huo nyumba iliyotawala ilikuwa ya Mahdali, ambayo nasaba yake ilihusishwa na Yemen. Kisha mwaka 1505 wakaja Wareno, wakamfukuza mtawala wakamsimamisha Muhammad Ankoni, mtu asiyekuwa wa ukoo wa kifalme. Wareno walipoiacha ngome yao mwaka 1512, waliacha nyuma yao mji uliodhoofika na swali ambalo halikuwa na jibu rahisi: nani ana haki ya kukalia kiti?

Katika hali kama hiyo, kitabu cha nasaba ni hati ya kesi. Kinaandikwa ili kuonyesha kwamba fulani ni mwana wa fulani, na kwamba fulani wa kwanza alitoka mahali ambapo hapana mtu wa Kilwa awezaye kupinga. Shirazi ilifaa kwa kazi hiyo kwa sababu ilikuwa mbali na ilikuwa na sifa. Na kwa kuwa haki iliyodaiwa ilihesabiwa kwa upande wa baba, mama hakuwa na kazi katika hati hiyo. Barros anasimulia kwamba mwanzilishi alikuja na mkewe; Mwarabu anawapanga sultani na wanawe kama safu ya wanaume watupu. Mwanamke wa Kilwa hayumo.

Katika umbo la Kiswahili yumo, tena ndiye kiungo cha habari yote. Bila ya ndoa ile hakuna mapatano, na bila ya mtoto wake hakuna utawala, kwani mjukuu anarithi kutoka kwa babu mzaa mama. Hapa mgeni anageuka mwenyeji kwa njia inayofahamika katika jamii nyingi za Kiafrika: kwa kuoa, kuzaa na kuzika. Inafaa kukiri kwamba umbo hili lilikusanywa karibu miaka 400 baada ya lile la Kiarabu, chini ya utawala wa Wajerumani, na haliwezi kutumiwa kuthibitisha kwamba Mrimba alikuwa mtu wa damu na nyama. Lakini linathibitisha kitu kimoja: watu wa Kilwa, walipoulizwa asili ya mji wao kwa lugha yao wenyewe, walianza na wenyeji, na walimtaja binti.

Ushahidi wa lugha

Dai la Shirazi lina dada yake katika isimu, nalo ni kwamba Kiswahili ni lugha chotara, iliyozaliwa na Kiarabu na lugha za Kibantu kwa mafungu yanayokaribiana. Dai hili hutegemea wingi wa maneno ya mkopo. Lakini ukoo wa lugha hautambulikani kwa hesabu ya maneno yaliyokopwa; hutambulikana kwa sarufi na kwa maneno ya msingi. Kitenzi kama hawakutujengea kinabeba ukanushi, nafsi ya mtenda, wakati, nafsi ya mtendewa, mzizi na kauli ya kutendea, na hakuna hata kimoja kati ya viungo hivyo kitokacho Arabuni au Uajemi. Neno la Kiarabu likiingia, hulazimika kutii: kitabu kimepewa vitabu, waziri amepewa mawaziri, na fikiri ikazaa fikiria na fikirisha.

Derek Nurse na Thomas Spear, katika kitabu chao cha mwaka 1985 juu ya Waswahili, na baadaye Nurse pamoja na Thomas Hinnebusch mwaka 1993, walionyesha kwa ulinganishi wa sauti na misamiati kwamba Kiswahili ni mmoja wa watoto wa jamii ya Kisabaki, pamoja na Kimijikenda, Kipokomo, Kiilwana na lugha za Ngazija na visiwa jirani. Maneno mengi ya Kiarabu yaliingia katika karne za baadaye. Mfano mzuri umo katika hesabu. Mtandatu, mfungate na kenda zilikuwa hesabu za Waswahili kabla ya sita, saba na tisa kuchukua nafasi zao. Na mfungate bado inasikika katika fungate, zile siku saba za arusi. Hata saba ya majahazi saba, basi, ni mkopo uliofukuza neno la wenyewe.

Maneno ya asili ya Kiajemi yapo, kama vile bandari, nahodha na pamba, na baadhi yake huenda yalipitia kwanza Kiarabu au lugha za Bara Hindi. Mengi ya namna hii ni maneno ya bahari, biashara na serikali. Ukiingia ndani ya nyumba, hali ni nyingine: jiko, chungu, mwiko, kinu, mchi, mkeka, kupika, kunyonya, kulea, yote ni ya Kibantu. Kama familia nzima za Kiajemi, waume kwa wake, zingejenga miji hii na kuitawala kwa karne nyingi, ingetarajiwa angalau sehemu ya lugha ya jikoni ionyeshe athari yao. Ushahidi huu una mipaka yake, kwani mtu aweza kuiacha lugha ya babu zake bila ya kuibadili damu yake. Unachoonyesha ni nani aliyewafundisha watoto kusema.

Ushahidi wa ardhini

Wanaakiolojia wa kizazi cha kwanza walianza kazi wakiwa na hadithi mkononi. Jambo hilo halikuwa la mwambao peke yake. Huko Zimbabwe, magofu makubwa ya mawe yalihusishwa na Malkia wa Sheba tangu Carl Mauch alipoyafikia mwaka 1871, ingawa David Randall-MacIver mwaka 1905 na Gertrude Caton-Thompson mwaka 1929 walichimba wakaona kwamba ni kazi ya Waafrika. Palipoonekana jiwe juu ya jiwe, palitafutwa mgeni.

Kwa upande wa Kilwa, Neville Chittick alichimba kwa miaka kadhaa na kuchapisha matokeo yake mwaka 1974. Hata yeye, aliyewapa wageni nafasi kubwa katika historia ya miji hii, alikuwa amekwisha kuandika mwaka 1965 kwamba Washirazi hawakutoka Uajemi moja kwa moja bali walishuka kutoka pwani ya Benadir, na akausogeza mbele utawala wao mpaka karibu na mwaka 1200. Chini ya majengo ya mawe alikuta makazi ya zamani zaidi, ya miti na udongo. Mark Horton, aliyechimba Shanga katika kisiwa cha Pate kati ya mwaka 1980 na 1988, alikuta jambo hilohilo kwa uwazi zaidi. Chini ya msikiti wa mawe palikuwa na misikiti mingine iliyotangulia, mmoja juu ya mwingine, na wa chini kabisa ulikuwa kibanda kidogo cha miti cha nusu ya pili ya karne ya 8. Vyungu vya wakati huo ni vya kienyeji, vya mtindo uliotumika pia bara. Jiwe halikuletwa likiwa tayari. Mji ulikua kutoka katika udongo wake, na Uislamu ukakua ndani yake.

Hata hivyo ardhi imewaaibisha wabezaji pia. Mwaka 1984, huko Mtambwe Mkuu kisiwani Pemba, ilifukuliwa akiba ya sarafu zaidi ya 2,000, nyingi zikiwa za fedha, pamoja na dinari za Wafatimi za karne ya 11. Miongoni mwa majina yaliyopigwa juu ya sarafu hizo ni Ali bin al-Hasan, jina linaloshabihiana na la mwanzilishi katika hadithi. Kwa hiyo mtu wa jina hilo aliishi, akatawala, akapiga sarafu, tena mapema kuliko alivyokadiria Chittick. Lakini sarafu zake zinamtaja Mwenyezi Mungu, Shirazi hazikuitaja.

Ushahidi wa mifupa

Mwezi wa Machi 2023, jarida la Nature lilichapisha utafiti wa vinasaba vya watu 80 waliozikwa katika miji sita ya mwambao, ikiwamo Manda, Faza, Mtwapa na Kilwa, kati ya mwaka 1250 na 1800, pamoja na mji mmoja wa bara. Habari hizo zilipokelewa na wengi kama hukumu ya mwisho. Waliotukuza Shirazi walitangaza kwamba hadithi imethibitishwa. Waliobeza wakashuku sayansi yenyewe. Kilichosemwa na watafiti ni kingine.

Walichokuta ni kwamba kwa wengi wa watu hao, zaidi ya nusu ya urithi wao ulitoka kwa Waafrika, hasa kwa upande wa akina mama. Sehemu kubwa iliyobaki, na kwa baadhi yao hata zaidi ya nusu, ilitoka Asia. Katika urithi huo wa Asia, asilimia 80 mpaka 90 ilitoka kwa wanaume wa Kiajemi, na palikuwa pia na alama za Bara Hindi. Kuchanganyika kulianza ilipofika karibu na mwaka 1000. Baada ya mwaka 1500, damu mpya iliyoingia ilizidi kuwa ya Arabuni.

Matokeo haya yanahitaji kusomwa kwa makini yaleyale yaliyotumika kusoma matini. Kwanza, Waajemi walikuja. Anayesema habari zao ni uzushi mtupu amekosea, na hana budi kuliacha dai lake. Pili, tarehe ya kuchanganyika inafuata msikiti wa Shanga kwa zaidi ya karne mbili. Wageni hawa waliingia katika miji iliyokwisha kuwapo, na hilo ndilo lililosemwa na ukurasa wa Muriri wa Bari. Tatu, makaburi yaliyochunguzwa ni zaidi ya watu wenye hadhi, waliozikwa karibu na misikiti na kwa heshima. Hayawezi kusema kwa niaba ya wavuvi, wakulima na watumwa wa miji hiyohiyo. Nne, watafiti wenyewe wanaeleza kwamba maingiliano ya baadaye yamebadili tena urithi wa watu wa mwambao, hata anayeishi leo hawezi kujisoma moja kwa moja katika mifupa ya mwaka 1300.

Tano, na hili ndilo linalorudisha mazungumzo kwenye matini, mchanganyiko wenyewe una umbo. Baba wa ng'ambo, mama wa hapa. Si umbo la Barros, ambamo mwanzilishi anakuja na mkewe. Wala si la Kiarabu, ambamo wake hawatajwi. Ni umbo la Mrimba na binti yake. Masimulizi yaliyohesabiwa kuwa dhaifu kwa sababu yalisemwa na watu wa kawaida, kwa Kiswahili, na kuchelewa kuandikwa, ndiyo yaliyohifadhi kiungo ambacho hati za wakubwa zilikikata. Lugha ya jikoni ilikuwa imekwisha kutoa ushahidi huohuo kwa njia yake.

Matumizi ya asili

Mtu aweza kuuliza kuna faida gani kubishana juu ya merikebu za miaka 1,000 iliyopita. Jibu ni kwamba merikebu hizo zimekuwa zikitia nanga katika ofisi za serikali. Katika Kenya ya wakoloni, sheria ziliwagawa watu kuwa wenyeji na wasio wenyeji, na mgawanyo huo uligusa kodi, mahakama na ardhi. Waswahili hawakuingia vizuri katika fungu lolote. Thenashara Taifa wa Mombasa walidai kwa miaka mingi wasihesabiwe pamoja na wenyeji, na katika madai hayo nasaba ya ng'ambo ilikuwa hoja. Sheria ya hati za ardhi ya mwaka 1908 iliwawezesha baadhi ya watu wa pwani kuandikisha mashamba yao huku Wamijikenda wengi wakiachwa nje. Asili ikawa na bei. Haishangazi kwamba watu waliinunua. Na haishangazi kwamba baada ya mwaka 1963 asili hiyohiyo iligeuzwa kuwa shtaka, wakaambiwa kwamba waliotoka ng'ambo warudi ng'ambo.

Zanzibar yatoa funzo jingine. Huko, katika karne ya 20, Wahadimu, Watumbatu na Wapemba wengi walijiita Washirazi. Lakini kwa jina hilo walitaka kusema kwamba wao ndio watu wa kale wa visiwa hivyo, waliotangulia Waarabu wa Omani na waliotangulia pia waliotoka bara karibuni. Jina la mji wa Uajemi likawa na maana ya mwenyeji. Chama cha Afro-Shirazi, kilichoundwa mwaka 1957, kilibeba maana hiyo mpaka kilipoungana na TANU mwaka 1977. Ndiyo kusema neno lilelile lilitumika Mombasa kumtoa mtu katika wenyeji, na Unguja kumthibitisha humo. Neno linaloweza kufanya kazi mbili zinazopingana namna hiyo halina budi kuchunguzwa kama neno, kabla ya kutafutiwa mji wake katika ramani.

Hitimisho

Imeonyeshwa kwamba hadithi ya Washirazi wa Kilwa si moja, na kwamba kila umbo lake lina mwenyewe na lina haja yake. Imeonyeshwa pia kwamba umbo la kifahari kuliko yote linakiri ndani yake kuwapo kwa Mwislamu na msikiti kabla ya wageni. Ushahidi wa lugha, wa ardhini na wa mifupa haukubali dai la kwamba miji ililetwa kwa majahazi, wala haukubali dai la kwamba majahazi hayakuja. Waliokuja walipokewa, wakaozwa, na watoto wao wakalelewa kwa lugha ya mama zao.

Wahenga walisema mwacha asili ni mtumwa. Methali hii hutajwa sana katika mijadala ya namna hii, na kila anayeitaja huwa amekwisha kuamua asili ni ya baba tu. Hadithi aliyopewa Velten na watu wa Kilwa haikuamua hivyo. Kazi iliyobaki kwa wanafunzi wa fasihi ni kuyakusanya na kuyasoma upya masimulizi ya asili ya Pate, Vumba, Tumbatu na Ngazija kwa kuuliza swali lilelile lililoulizwa hapa: katika kila umbo, mama yuko wapi, na nani aliyemwondoa?